Kitasa Hakikuwa na Kosa

"Kaka, una bisibisi?"

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza, Jumamosi asubuhi, kabla sijamaliza chai. Dada mmoja wa Mwanza, msaidizi wa wauguzi huko Texas Medical Center, alikuwa ameegesha mbele ya nyumba yangu hapa Missouri City, kando ya Houston, Texas, kisha akaruka gia na kutokea mlango wa abiria. Gari lake ni Toyota Corolla ya 2001, ndugu wa ile ambayo nyumbani tunaiita 110. Mkononi alikuwa na boksi dogo lenye kitasa kipya cha mlango wa dereva na risiti yake.

Habari yenyewe aliieleza kwa mpangilio mzuri kuliko mafundi wengi. Miezi minane nyuma kitasa cha nje cha dereva kilianza kuwa kigumu. Akawa anakivuta kwa nguvu, kikavunjika. Gereji moja ikamwekea kipya. Kikafanya kazi vizuri kama mwezi, kisha nacho kikaanza kunata. Unakiinua, mlango unafunguka, lakini hakirudi: kinabaki kimesimama kama sikio la mbwa aliyesikia jambo. Na kikiwa kimesimama hivyo, mlango haufungi. Unaubamiza, unarudi. Siku nyingine unashika nusu tu, taa ya ndani inabaki inawaka, naye anaendesha hivyo hivyo hadi kazini amejifunga mkanda na mkono wa kushoto umeshikilia mlango. Alikuwa akipulizia WD-40 kila baada ya wiki moja au mbili. Sasa alikuwa amechoka, amenunua kitasa cha tatu, anatafuta mtu wa kukifunga bila kumtoza fedha ya ufundi mara ya pili.

Nilimwomba aliweke boksi chini kwanza. Kitasa kinachovunjika, kikabadilishwa, kisha kipya kikaanza ugonjwa uleule, kinakuambia kwamba mgonjwa ni mwingine.

Ili tuelewane, nitatumia maneno mawili. Kitasa ni kile unachokishika kwa vidole. Loki ni mashine iliyofichwa ndani ya ukingo wa mlango, ile inayokamata kigingi cha chuma kilichofungwa kwenye nguzo ya bodi. Mitaani vyote viwili huitwa kitasa, na nusu ya fedha zinazopotea kwenye kazi hii hupotelea hapo: mwenye gari anasema kitasa, fundi anasikia kitasa, dukani wanauza kitasa, wakati kinachoumwa ni loki.

Ndani ya loki kuna vipande viwili vinavyobeba kazi yote. Cha kwanza ni uma unaozunguka. Mlango ukija, kigingi kinausukuma nao unakizingira. Cha pili ni kizuizi kidogo chenye springi, kinachodumbukia nyuma ya uma ili usirudi. Uma una hatua mbili, ndiyo maana mlango mzima hulia mara mbili, "tik-tik", hata kama sikio lako huzisikia kama sauti moja. Hatua ya kwanza ni nusu, ya pili ndiyo kamili. Ukiinua kitasa, ufito mwembamba wa chuma unasukuma mkono wa loki, mkono unakiondoa kizuizi, uma unaachia. Ukiachia kitasa, kila kitu kinatakiwa kurudi chenyewe. Kama ule mkono haurudi, kizuizi kinabaki kimeondolewa, na hapo ubamize mlango mara mia, uma hauna wa kuuzuia.

Hiyo nusu aliyokuwa akiendeshea si jambo la kuchekea. Kanuni ya shirikisho ya Marekani namba 206, inayohusu loki za milango ya magari, inadai loki ihimili niutoni 11,000 ikiwa imeshika kamili, yaani kama kuning'iniza tani moja na zaidi. Ikiwa imeshika nusu inadaiwa 4,450 tu. Nusu iliwekwa kama akiba, ili mlango ambao haukufungwa vizuri usifunguke mara moja ukiwa barabarani. Haikuwekwa ili mtu asafiri nayo kila siku kwenye barabara ya Fort Bend Parkway.

Kabla ya kufungua kitu, tulipima. Nyumba yoyote ya Mwafrika Mashariki hapa Texas ina mizani ya kuning'iniza sanduku, kwa sababu ya zile kilo 23 za shirika la ndege. Nikafunga kamba laini kwenye kitasa cha abiria, nikatia ndoano ya mizani, nikavuta taratibu hadi mlango ulipoachia. Kilo tatu na kitu. Nikahamia upande wa dereva. Mizani ikapanda, ikapita sita, ikapita nane, mlango ukaachia karibu na tisa. Dada akaangalia namba ile akacheka: "Kumbe nilikuwa nanyanyua ndoo ya maji kila nikienda kazini." Karibu hivyo. Na ndoo hiyo ilikuwa inaning'inia kwenye masikio mawili ya plastiki yenye unene wa kucha ya kidole gumba. Kitasa cha kwanza kilivunjika kwa sababu hiyo, na cha pili kilikuwa njiani kukifuata.

Sasa, loki au kitasa? Mlango ukiwa wazi, nilichukua bisibisi, nikausukuma uma kama vile kigingi kinavyousukuma: tik, tik. Nikavuta kitasa cha ndani. Uma ukaachia, lakini kwa kusitasita. Hicho kilikuwa kidokezo cha kwanza, maana kitasa cha ndani hakina uhusiano wowote na kile cha nje isipokuwa hapo kwenye loki wanapokutana. Wawili wasiojuana wakilalamikia mtu mmoja, muulize yule mmoja. (Anayejaribu hili nyumbani akumbuke jambo moja: uma ukiwa umefungwa kwa bisibisi usiufunge mlango. Utagonga kigingi na kuharibu loki au rangi, au vyote.)

Kidokezo hakitoshi, kwa hiyo tukafungua jalada la ndani. Kwenye gari hili skrubu zimejificha nyuma ya kitasa cha ndani na ndani ya mshikio wa kuvutia mlango. Zilizobaki ni klipu za plastiki zinazozunguka ukingo. Zikivunjika mbili tatu usilie, ni za senti. Kinachostahili kulindwa ni soketi ya swichi za kioo, ambayo watu huichomoa kwa kuvuta waya badala ya kubonyeza ulimi wake. Na kama gari lako ni la karibuni zaidi, lenye mifuko ya hewa ya pembeni, toa kwanza waya hasi wa betri na usubiri dakika kadhaa. Milango ya siku hizi ina vihisi ambavyo havipendi mzaha.

Nyuma ya jalada kunatakiwa kuwa na nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi. Yetu ilikuwa imechanwa, nusu yake haipo. Gereji iliyoweka kitasa cha pili iliona ni takataka. Watu wengi hudhani hivyo, nami huwa naudhika kila nikikuta, kwa hiyo mnivumilie aya moja.

Mlango wa gari umetengenezwa ukijua kwamba maji yataingia. Mvua hupita pembeni mwa kioo, huteremka ndani ya mlango, hutokea kwenye vitundu vya chini. Nailoni ndiyo ukuta unaoyaambia maji yabaki upande wa bati na kushuka kwenye vitundu. Ukiitoa, maji yanaloanisha jalada, yanateleza hadi kwenye zulia, na baada ya wiki gari linanuka kama kisima. Hapa tunakaa kwenye tambarare ya pwani ya Ghuba ya Mexico, mahali ambapo mwaka 2017 kimbunga Harvey kilimwaga mvua ya siku kadhaa juu ya mji wa Houston. Mtu wa kaunti hii ya Fort Bend anayetupa nailoni ya mlango amesahau anakoishi. Tulikata mpya kutoka kwenye nailoni nene ya mafundi rangi, tukaibandika kwa gundi ya zamani iliyopashwa moto kwa kikausha nywele. Dola mbili, labda.

Turudi kwenye loki. Niliachanisha ufito wa kitasa cha nje. Umeshikwa na kikamatio kidogo cha plastiki ambacho huzungushwa pembeni kwanza, ndipo ufito unatoka. Ukiuvuta kwa hasira kinavunjika, na hicho kidude huwezi kukibuni kwa waya kikadumu. Ufito ulipotoka, nikainua kitasa cha nje na kukiachia. Tap! Kikarudi papo hapo, kikali kama kipya, na kweli kilikuwa kipya. Springi yake nzima, pini yake nzima. Kisha nikausukuma mkono wa loki kwa kidole. Ukashuka kwa shida, na nilipouachia ukaanza kupanda polepole, ukasimama katikati, ukapumzika, ukamalizia safari. Dada alikuwa ameinama kando yangu. Hakuna aliyehitaji kusema kitu.

Jaribio hilo huchukua sekunde tano baada ya jalada kutoka. Gereji ile ililazimika kuachanisha ufito uleule ili kubadilisha kitasa, maana bila hivyo kitasa hakitoki. Fundi alikuwa na loki mbele ya macho yake, mkono umbali wa shibiri, na hakuugusa kwa kidole. Simlaumu sana, aliambiwa kitasa, akaona kitasa kimevunjika kweli. Ila kitu kuvunjika na kitu kuwa chanzo cha kuvunjika ni habari mbili.

Kwa nini loki ilizeeka hivyo? Grisi ni mafuta yaliyoshikiliwa na sabuni, mara nyingi ya lithiamu, kama sifongo inavyoshikilia maji. Joto linayaondoa mafuta kidogo kidogo. Sabuni inabaki, inakauka, inachanganyika na vumbi na kuwa kitu kama ulimbo. Mlango wa gari jeusi uliolala juani Houston siku nzima unapikwa, usiku unapoa, kesho unapikwa tena, na loki hii imepitia hayo kwa zaidi ya miaka 20. Agosti 2023 kipimajoto rasmi cha Houston kilifika nyuzi 109 za Fahrenheit, karibu 43 za Selsiasi, kikalingana na rekodi ya mji. Hiyo ni kivulini. Ndani ya bati jeusi ni habari nyingine.

Anayedhani natia chumvi kuhusu joto na akumbuke Agosti 2016, Ford ilipoyaita yarudi kutengenezwa magari takriban 830,000, mengi yakiwa na umri wa miaka michache tu, kwa sababu ya loki za milango. Kijino kinachoshika springi ya kizuizi kingeweza kuvunjika, na wito huo ulilenga kwanza Mexico na majimbo 16 ya Marekani yenye joto na jua kali, Texas ikiwemo. Mwezi uliofuata ukapanuliwa, jumla ikafika milioni 2.4. Dalili zake zingemfanya dada huyu atikise kichwa: mlango haufungi, au unafunga kisha unafunguka. Kwa hiyo kabla hata ya kushika bisibisi, mwenye gari lolote hapa aingize ile namba ya bodi yenye tarakimu 17 kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya usalama barabarani. Kama kuna wito ambao haujafanyiwa kazi, matengenezo kwa kawaida ni bure. Tuliiingiza ya Corolla, hapakuwa na lolote la mlango.

Na WD-40 je, mbona alikuwa akipulizia? Ndiyo, na kila mara ilisaidia kwa siku kadhaa, kisha hali ikawa mbaya kuliko mwanzo. Dawa ile ilibuniwa San Diego mwaka 1953 na kampuni iliyoitwa Rocket Chemical kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu kwenye kombora la Atlas. Ni hodari wa kupenya, kulegeza na kuyeyusha uchafu. Lakini sehemu kubwa yake huruka hewani, na kinachobaki ni utando mwembamba wa mafuta. Ukiipulizia kwenye loki yenye grisi nzee, inayeyusha kidogo, inaondoka na ile grisi kidogo iliyokuwa bado nzima, na kuacha utando unaokaribisha vumbi. Mara ya kwanza inalainisha, mara ya tano umeiosha loki ikabaki kavu. Ni sabuni nzuri, lakini huogi sabuni ukaenda nayo kazini bila kujisuuza na kujipaka mafuta.

Tungeweza kuisafisha loki ikiwa mahali pake. Wengi hufanya hivyo na inawatosha. Sisi tuliitoa kwa sababu uchafu ulikuwa wa miaka, na mimi nilitaka kuuona mkono ule ukirudi peke yake, bila msaada wa kitu kingine. Kioo juu kabisa, soketi ya mota ya loki itoke, fito zote ziachanishwe baada ya kuzipiga picha kwa simu. Kisha skrubu tatu za ukingoni mwa mlango.

Hapo tulikaa karibu saa nzima. Skrubu za Kijapani zina alama ya msalaba inayofanana na ile ya Kimarekani, lakini si ileile. Bisibisi ya Kimarekani haizami hadi chini, inapanda na kuila. Mbili zilitoka. Ya tatu ilikuwa imeshaliwa nusu na mtu wa kabla yetu. Nilitia bisibisi ya kugonga kwa nyundo, ile ambayo kila pigo linaisukuma ndani na kuizungusha kwa pamoja. Pigo la kwanza, la pili, la tatu, hakuna kitu. Dada akasema kwao Mwanza fundi angekuwa ameshaitisha moto. Pigo la nne likaikatisha tamaa. Kwa wenzetu walioko Grogan pale Nairobi au Kisekka Kampala hii ni kazi ya dakika mbili, najua. Mimi fundi wa Jumamosi.

Loki ikawa mezani. Tuliiosha kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, tukiuweka upande wenye mota juu ili usilowe, tukiuchezesha mkono kila baada ya muda. Maji meusi yakatoka, kisha ya kahawia, kisha masafi. Ndani ya kona ya kizuizi nilichokoa kwa kijiti kipande cha grisi kigumu kama nta ya sikio, chenye mchanga ndani yake. Petroli ingekata haraka zaidi na ndiyo desturi yetu nyumbani, ila hapa kwenye gereji ya nyumba, mita mbili kutoka kwenye hita ya maji ya gesi, sikuthubutu. Ikakauka kwa kitambaa na upepo, tukapaka grisi nyeupe ya lithiamu kwenye ekseli za uma na kizuizi, kidogo, kiasi cha punje ya mchele kila mahali. Tundu la ufunguo halikupata grisi. Pale tulitia unga wa grafiti, maana grisi kwenye tundu la ufunguo hukusanya vumbi tu.

Nikausukuma mkono kwa kidole. Ukaruka.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa, isipokuwa sehemu moja ambayo mafundi huiharakisha: urefu wa ufito wa kitasa cha nje. Kitasa kikiwa kimelala, ufito lazima uwe na nafasi kidogo, kama milimita moja, kabla haujaanza kuusukuma mkono wa loki. Ukikazwa bila nafasi, mkono unabaki umesukumwa nusu muda wote, kizuizi hakidumbukii sawasawa, na umerudi palepale ulipoanzia, safari hii kwa kosa lako. Tulipouangalia ufito wa gereji, ulikuwa umekazwa mno. Labda fundi aliona kitasa kigumu akadhani kukaza kutasaidia. Tukaulegeza hadi nafasi ikaonekana kwa jicho.

Kisha bisibisi tena kwenye uma, mlango ukiwa wazi: tik-tik, kitasa cha nje, umeachia. Tik-tik, kitasa cha ndani, umeachia. Funguo, swichi ya kufunga milango, mara kumi kila kimoja. Jalada bado halijarudi, na kioo tumekishusha ili mambo yakienda kombo mkono upite. Ndipo tukaufunga mlango kwa mara ya kwanza, kwa kiganja, bila kubamiza. Taa ya ndani ikazimika.

Mizani ya sanduku ikasoma kilo tatu na nusu. Kile kitasa cha pili, kilichosingiziwa miezi yote hiyo, kimebaki palepale kilipo. Kazi nzima ilichukua saa nne, moja ikiwa ya ile skrubu, na gharama ilikuwa mkebe wa grisi, mafuta ya taa na nailoni. Kitasa cha tatu hakikutoka kwenye boksi. Jumatatu dada alikirudisha dukani na risiti yake, akarudishiwa fedha zote.